Mpaka Usifike Madhabahuni

Somo: 1 Wafalme, mlango wa 12



Twaandika haya tukiwa Kigoma, mahali ambapo ziwa moja limezungukwa na dola nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mtu akisimama asubuhi katika mwalo wa Kibirizi ataona mashua zikishusha mawese na vitenge kutoka ng'ambo, na nyingine zikipakia chumvi, unga na saruji kwenda huko. Biashara hiyo ni ya kale kuliko mipaka. Wazee walivuka na chumvi ya Uvinza siku ambazo hapakuwa na forodha wala hati ya kusafiria. Muha na Mrundi huamkiana na kuelewana pasipo mkalimani. Na katika Ujiji watu wengi watakuambia kwamba babu zao walitoka Manyema, ng'ambo ya maji. Basi dola zinapoungana au kufarakana, sisi si watu wa kusikia habari hizo kwa mbali. Hutufikia sokoni na mlangoni, na kama tutakavyoeleza, hata kanisani.

Kuna swali ambalo huinuka na kutulia kama upepo wa ziwani: Je, nchi yetu ikae katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, au itoke? Liliinuka kwa nguvu mwaka wa 2013. Mwezi wa Juni mwaka huo wakuu wa Kenya, Uganda na Rwanda walikutana Entebbe, kisha Mombasa mwezi wa Agosti, na tena Kigali mwezi wa Oktoba, wakafanya mashauri yao, Tanzania na Burundi hazimo. Wengi hapa nchini waliona kwamba wametengwa katika nyumba waliyoijenga wao wenyewe. Wakasema, Kama hawatutaki, na tutoke. Wakataja ardhi yetu, kazi za vijana wetu, na haraka ya wenzetu kutaka shirikisho la serikali moja. Wengine wakajibu kwamba soko ni pana kuliko nchi moja, na kwamba jirani ni jirani hata ukimgeuzia kisogo. Tarehe 7 Novemba 2013 Rais Jakaya Kikwete aliliambia Bunge ya kuwa Tanzania haitatoka. Upepo ukatulia, lakini haukuisha.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Watu wa Uingereza walipiga kura mwaka wa 2016 kutoka katika Umoja wa Ulaya, nao wakatoka tarehe 31 Januari 2020, baada ya kukaa humo miaka 47. Mwezi wa Juni 2025 Rwanda ilitangaza kutoka katika jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika ya Kati, kwa ajili ya ugomvi wake na Kongo. Wakristo hutuuliza sisi wachungaji, Neno la Mungu lasemaje juu ya mambo kama haya? Ndiyo maana tumefungua Kitabu cha kwanza cha Wafalme, mlango wa kumi na mbili, ambamo ufalme mmoja uligawanyika ukawa falme mbili.

Habari yenyewe mwaijua. Sulemani alikufa, na Rehoboamu mwanawe akaenda Shekemu ili afanywe mfalme. Kabila za kaskazini, Yeroboamu akiwa pamoja nao, zikamwambia kwamba nira ya baba yake ilikuwa nzito, naye akiipunguza watamtumikia. Aliomba siku tatu. Akawauliza wazee, nao wakamshauri awe mtumishi wa watu hao siku hiyo na kuwajibu kwa upole. Akawauliza vijana waliokua pamoja naye, nao wakamshauri awatishe. Akafuata shauri la vijana. Kabila kumi zikasema hazina sehemu tena katika nyumba ya Daudi, zikaenda zao.

Katika habari hiyo twaona mambo manne yanayotupasa kuyashika.

La kwanza ni hili: kutengana kwa dola si dhambi kwa kila hali. Rehoboamu alipotaka kuwarudisha watu kwa nguvu, Mungu alimtuma nabii Shemaya kumwambia kwamba jambo lile limetoka kwake. Basi tusiseme kwamba anayetaka nchi itoke katika mapatano fulani amemwasi Mungu, wala tusiseme kwamba anayetaka ikae ameiuza nchi yake. Mapatano ya dola ni kazi ya mikono ya wanadamu, na wanadamu waweza kuyafunga na kuyafungua. Nchi yetu yenyewe ilitoka mwaka wa 2000 katika soko la pamoja la Afrika ya Mashariki na Kusini, liitwalo COMESA, ambalo Zambia imo hata leo. Meli hazikuacha kwenda Mpulungu, wala mvuvi wa Kirando hakumwita Mzambia adui. Huko kulikuwa kutengana kwa utaratibu.

Lakini tusije tukadhani kwamba kwa sababu mapatano ni kazi ya wanadamu hayana thamani mbele za Mungu. Daktari Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka wa 1529, alipoeleza maana ya kuomba mkate wa kila siku, hakuishia kwenye unga na samaki. Alihesabu pia serikali njema, amani, na majirani waaminifu. Walimu, waonyesheni watoto jambo hili. Mapatano yanayomwezesha mama wa Ujiji kuuza dagaa zake Burundi pasipo kunyang'anywa njiani ni sehemu ya mkate wake. Ni zawadi. Zawadi si Mungu, nasi hatuiabudu. Walakini mwenye akili haitupi kwa hasira.

La pili: kabla ya kuvunja, na ihesabiwe gharama, na iulizwe ni nani atakayeilipa. Tazameni neno moja ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Kabila zilipokwisha kuasi, Rehoboamu alimtuma kwao Adoramu, aliyekuwa juu ya shokoa. Watu wakampiga kwa mawe hata akafa. Na mfalme je? Alipanda gari lake akakimbilia Yerusalemu. Aliyesema maneno makali alipona. Aliyekufa ni mtumishi wake. Ndivyo ilivyo mara nyingi wakubwa wanapofarakana.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeyaona haya. Jumuiya ya kwanza ilifanywa kwa mkataba uliotiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967. Reli moja, bandari moja, posta moja na shirika moja la ndege vilitumikia Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini nira haikuwa sawa mabegani. Tanzania na Uganda ziliona kwamba faida nyingi zaangukia Kenya. Siasa za nchi zikaachana, moja ikishika ujamaa na nyingine biashara ya watu binafsi. Mwezi wa Januari 1971 Idi Amin akaipindua serikali ya Uganda, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Tangu hapo wakuu watatu hawakukutana tena katika baraza lao. Fedha za mashirika zikazuiwa huku na huku. Mapema mwaka wa 1977 shirika la ndege likasimama, na tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Katika mwaka huo huo Jumuiya ikafa. Mpaka haukufunguliwa hata Novemba 1983.

Kati ya wakuu hao, ni nani aliyekosa chakula kwa sababu hiyo? Hakuna. Lakini kulikuwako maelfu ya watumishi: wa reli, wa bandari, wa posta, wa ndege. Walikuwa wametumikia nchi tatu kwa uaminifu, na siku moja wakaambiwa kwamba mwajiri wao hayupo tena. Hapa nchini wengi wao walidai mafao yao miaka zaidi ya ishirini na mitano. Walizeeka wakishika karatasi mkononi, na wengine walizikwa kabla ya kupokea. Katika mji wa reli kama Kigoma, ambao njia ya garimoshi iliufikia mwaka wa 1914, hakuna haja ya kuwaeleza watu jambo hili. Wajane wao walikuwa wakiketi nasi kanisani.

Amri ya saba husema juu ya mali ya jirani. Nasi huwafundisha watoto kwamba mwizi ni yule aingiaye usiku. Ni kweli, lakini mshahara wa mzee ukizuiwa kwa sababu wenye nguvu hawapatani, mzee yule ameibiwa vilevile, ijapokuwa hakuna mlango uliovunjwa. Kwa hiyo mkristo asikiapo mtu akisema katika baraza au dukani, Na tutoke, au akisema, Na tukae, na amwulize kwa upole: Ndugu, umemhesabu Adoramu? Ni nani atakayepigwa mawe kwa neno hili? Mtu asiyeweza kujibu swali hilo bado hajafanya shauri. Amefanya hasira tu.

La tatu: hata wakitengana, wasipigane. Rehoboamu alikusanya watu mia na themanini elfu wenye silaha. Neno la Mungu kwa kinywa cha Shemaya likawazuia, kwa sababu wale waliokuwa ng'ambo walikuwa bado ndugu. Angalieni: ufalme ulikuwa umevunjika, lakini jina la ndugu halikuvunjika pamoja nao. Na jeshi zima likasikia, kila mtu akarudi nyumbani kwake. Katika maisha yote ya Rehoboamu twaona hilo kuwa tendo lake jema kuliko mengine.

Kati ya Kenya na Tanzania, Mungu alitujalia neema hiyo. Mpaka ulifungwa, maneno makali yalisemwa, lakini bunduki hazikulia. Mpatanishi alitafutwa, Victor Umbricht wa Uswisi, naye akasafiri huku na huku miaka mingi, hata mwezi wa Mei 1984 nchi tatu zikatia sahihi Arusha juu ya kugawana mali na madeni. Na katika mapatano yale yale ya kugawana waliandika kwamba watatafuta njia ya kushirikiana tena. Mlango haukupigwa misumari. Kwa mlango huo Jumuiya ya sasa iliingia, mkataba wake ukitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Burundi na Rwanda zikaingia mwaka wa 2007, Kongo ikaingia mwaka wa 2022, na hivyo pwani tatu katika nne za ziwa letu zikawa chini ya mkataba mmoja. Lakini kati ya Tanzania na Uganda ya Amin haikuwa hivyo. Mwaka wa 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, na vita ikala watu wa pande zote mbili. Basi tumeona njia zote mbili kwa macho yetu, nasi hatuna udhuru.

La nne ndilo lililotufanya tushike kalamu. Yeroboamu alipopata ufalme wake aliogopa. Alisema moyoni kwamba watu wakiendelea kupanda Yerusalemu kuabudu, mioyo yao itarudi kwa nyumba ya Daudi. Ndipo alipofanya ndama mbili za dhahabu, akaweka moja Betheli na moja Dani. Wala hakuanza kwa upanga. Alianza kwa maneno ya huruma, akiwaambia watu kwamba safari ya Yerusalemu yawachosha bure. Mungu alikuwa ameruhusu mpaka kati ya falme. Yeroboamu aliuchukua mpaka ule akaupitisha katikati ya madhabahu. Dhambi ya Yeroboamu, ambayo vitabu vya Wafalme huitaja tena na tena, si kwamba alitoka katika ufalme. Ni kwamba aliwatenga watu wa Mungu katika ibada.

Mtasema, Sisi hatuna ndama za dhahabu. Tusikilizeni kwanza.

Mwezi wa Septemba 2013, katika mwaka ule ule wa mabishano, serikali ilianza operesheni iliyoitwa Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na kibali katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Serikali ina haki ya kujua ni nani akaaye nchini mwake. Hilo hatulikatai, na Mtume Paulo atufundisha kuiheshimu. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu waliokaa hapa miaka mingi, waliooa na kuolewa, waliozaa watoto wasioijua nchi nyingine.

Katika usharika mmoja tunaoujua vema, maana sisi wenyewe tulikuwa tukihudumu humo, alikuwako mama mmoja mzaliwa wa Burundi. Alikuwa ameimba katika kwaya kwa miaka mingi. Jumapili moja ya siku zile, baada ya ibada, alisikia mwimbaji mwenzake akisema nje ya kanisa kwamba sasa viti vya kwaya vitapata nafasi. Jumapili iliyofuata mama yule hakuketi na kwaya. Aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia neno. Wakati wa Chakula cha Bwana hakuinuka.

Nasi tulimwona. Tulisimama tukiwa na mkate mkononi, tukamwona, tukasema moyoni kwamba tutakwenda kumtembelea juma lile. Hatukwenda. Haifai kusema kwamba kazi zilikuwa nyingi, maana si kweli. Tuliogopa watu watasema kwamba mchungaji anaficha wageni. Tulipokwenda juma la pili, mlango ulikuwa umefungwa, na majirani wakatuambia kwamba amekwisha kupita Manyovu pamoja na watoto wake. Hata leo hatujapata habari zake.

Twaungama jambo hili mbele yenu, ninyi mnaosoma gazeti hili, kwa sababu si serikali iliyomtoa mama yule mezani pa Bwana. Serikali haikuwamo kanisani. Sisi tulikuwamo. Mpaka ambao wakuu walikuwa wakibishana juu yake, sisi tuliuchukua, tukaupitisha kati ya benchi la mwisho na madhabahu. Ndiyo kazi ya Yeroboamu, nasi tuliifanya kwa kunyamaza tu.

Mpaka ule wa Rehoboamu na Yeroboamu uliendelea muda gani? Hesabuni. Zaidi ya miaka mia tisa baadaye, katika Injili ya Yohana mlango wa nne, Bwana wetu Yesu anafika Samaria, katika nchi ile ile ya zile kabila za kaskazini. Falme zote mbili zimekwisha kufa. Waashuri wamepita, Wababeli wamepita, Warumi wanatawala. Lakini Wayahudi na Wasamaria bado hawachangamani, na bado wanabishana kama Mungu aabudiwe mlima huu au Yerusalemu. Mpaka wa dola ulifutika; mpaka wa madhabahu ulibaki. Naye Bwana afanya nini? Hatoi hotuba juu ya falme. Aketi kisimani, amechoka, amwomba mwanamke wa ng'ambo maji ya kunywa. Alianza kuubomoa mpaka kwa kuomba, akajifanya mhitaji mbele ya yule ambaye watu wake walimdharau. Na kwa mauti yake msalabani aliubomoa wote, kama Waefeso mlango wa pili unavyotufundisha.

Mwezi wa Mei 2015 Mungu alitupa nafasi nyingine. Kwa machafuko ya Burundi watu makumi ya maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo cha pwani karibu na mpaka, na kipindupindu kikaingia kati yao. Meli ya Liemba ikatumwa kuwaleta Kigoma. Mwaijua meli hiyo. Wajerumani waliishusha majini hapa mwaka wa 1915, wakaizamisha wenyewe mwaka wa 1916. Waingereza wakaiopoa, ikarudi kazini mwaka wa 1927. Ikawa ya reli ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika ikawa ya Tanzania. Imebadili bendera kuliko watu wengi wanavyobadili nguo. Lakini kazi yake katika siku zile za Mei ilikuwa ile ile ambayo ziwa limeijua tangu mwanzo: kuwavusha watu. Wengine wetu tulishuka bandarini na uji na maji. Tukatazama kila uso wa mwanamke aliyeshuka. Tulikuwa tukimtafuta mama yule. Hatukumwona, lakini tuliwaona wengine, na safari hii hatukungoja juma la pili.

Basi, ninyi wainjilisti na walimu, swali la kutoka na kukaa litarudi tena, maana wakuu ni wanadamu na soko lina wivu. Litakaporudi, yatupasa kufanya mambo haya. Mwacheni kila mkristo awe na shauri lake kama raia, wala msiligeuze shauri lenu kuwa somo la mimbarani. Amri ya nane ifundisheni kwa bidii siku hizo kuliko siku nyingine, maana ndipo Mrundi huitwa mwizi, Mkongo huitwa mlaghai, na Mkenya huitwa mlafi, na watu hucheka. Nasi tumeamriwa kumtetea jirani na kumsema kwa wema. Katika sala ya kanisa watajeni watawala wa nchi yetu pamoja na wa nchi tunayogombana nayo, kwa pumzi moja. Na mkimwona mtu amehama kutoka benchi la mbele akaketi karibu na mlango, msingoje ibada iishe. Shukeni, mketi karibu naye.

Ee Bwana, Mfalme wa wafalme wote, uwape watawala wetu shauri la wazee wenye hekima. Uwakumbuke watumishi wanaolipa deni la wakubwa. Utusamehe sisi tulionyamaza. Na mama yule, popote alipo leo ng'ambo ya mpaka, umpe mahali mezani pako, hata siku tutakapoketi naye huko ambako hakuna benchi la mwisho. Amina.